Simiti Juu ya Udongo: Kwa Nini Plasta Hubambuka Tongaren

Katika eneo la Tongaren, kuanzia Ndalu hadi Naitiri na Mbakalo, bado ziko nyumba nyingi za wakulima zilizosimama juu ya nguzo za mkaratusi, fito zilizopigiliwa misumari, udongo uliojazwa katikati na paa la mabati. Mahindi yakiuzika vizuri, jambo la kwanza linalomjia mwenye nyumba ni kuipiga plasta ya simiti na kuipaka rangi ili ifanane na ya matofali. Mwaka wa kwanza inapendeza. Kisha nyufa nyembamba hujitokeza kwenye pembe za madirisha, na baada ya misimu michache ya mvua plasta ya chini inavimba, inalia utupu ikigongwa, halafu inabambuka kwa vipande vikubwa. Nyuma yake udongo umelainika kiasi cha kuchimbika kwa kidole. Lawama humwendea fundi: alipunja simiti, alitumia mchanga wenye vumbi, hakumwagilia maji. Mara nyingine ni kweli. Lakini hata plasta iliyochanganywa ipasavyo na fundi mwaminifu hubambuka vilevile, na hapo ndipo penye swali. Jibu langu ni kwamba kosa haliko katika kipimo cha mchanganyiko bali katika ndoa yenyewe ya simiti na udongo. Adui wa nyumba ya udongo ni maji, na simiti haiyazuii maji hayo, inayafungia ndani. Anayetaka kukarabati nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe anapaswa kuanza na paa na ardhi, kisha auvike ukuta kitu kilicho laini kuliko ukuta wenyewe.

Ukuta wa udongo haushikani kwa namna zege linavyoshikana. Mchanga ndio unaobeba uzito, na chembe za mfinyanzi, ambazo ni bapa na hazizidi unene wa milimita 0.002, huushika mchanga huo kwa msaada wa utando mwembamba wa maji uliobaki kati yake. Unyevu kidogo unauimarisha ukuta. Unyevu mwingi unazitenganisha chembe, na ukuta unaanza kurudi kuwa tope. Kila siku maji yanajaribu kuingia. Yako ya mvua inayopiga ubavuni na ya matone yanayoruka kutoka chini. Uko pia mvuke wa ndani: mtu aliyelala hutoa kadiri ya gramu 40 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi, kwa hiyo watu sita wakilala saa nane wanaiachia nyumba karibu lita 2, kabla hata ya sufuria ya ugali kubandikwa. Na yako yanayopanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya udongo, ambavyo kadiri vinavyokuwa vyembamba ndivyo vinavyoyavuta maji juu zaidi. Wengi huogopa maji haya ya mwisho bila kujua kwamba ukuta ulio wazi una njia yake ya kuyatoa. Yanapopanda, yanafika usoni mwa ukuta na kuyeyukia hewani. Alama ya unyevu husimama pale ambapo kiasi kinachopanda kinalingana na kiasi kinachoyeyuka, labda kiganja kimoja au viwili juu ya ardhi, na hapo inakaa mwaka baada ya mwaka. Sasa zibeni uso huo kwa plasta nzito ya simiti. Maji yanaendelea kuvutwa lakini pa kuyeyukia pamepungua, basi alama inapanda hadi ipate pa kutokea. Mkanda wa rangi ya mafuta unaopakwa chini ili kuficha matope huziba hata pale padogo palipokuwa pamesalia, na sijui ni nani aliyetuzoesha urembo huo.

Hilo ni tatizo la maji. Liko la pili, la kushikana, na hili huanza siku ileile plasta inapopigwa. Simiti haikauki, hukomaa kwa kuungana na maji, na inahitaji unyevu kwa angalau siku saba ili ipate nguvu inayostahili. Fundi akipiga plasta juu ya udongo mkavu, ukuta unayanyonya maji ya mchanganyiko kabla simiti haijamaliza kazi yake, na kinachobaki pale inapokutana na ukuta ni unga usio na nguvu. Akiulowesha ukuta kwanza, kama afanyavyo kwenye matofali ya kuchoma, udongo unavimba; plasta inakomaa juu ya ukuta uliovimba, halafu ukuta unakauka, unasinyaa na kurudi nyuma, ukiiacha plasta imesimama peke yake. Akilowesha atakosa, asipolowesha atakosa. Ndiyo sababu mafundi hupigilia wavu wa kuku na misumari: wavu unaining'iniza plasta kwenye nguzo na fito, lakini hauiunganishi na udongo. Ongeza tofauti ya nguvu. Mfuko wa simiti ulioandikwa 32.5 unamaanisha kwamba jaribio la maabara linadai nguvu ya megapaskali 32.5 baada ya siku 28, na hata ikichanganywa na mchanga mara nne plasta yake inaupita kwa mbali ukuta wa udongo, ambao kwa kawaida hauvuki megapaskali 1 au 2. Gamba gumu juu ya mwili laini halifuati mwili huo unapovimba masika na kusinyaa kiangazi. Linapasuka. Kila ufa unaingiza maji ya mvua, na maji yakishaingia nyuma ya gamba hayana njia ya kutoka isipokuwa kushuka chini ya ukuta, mahali ambapo nguzo zinaoza na mchwa wanapenda.

Mtu anaweza kusema hizi ni nadharia za maabara. Uko ushahidi wa majengo yenyewe. Kanisa la San Francisco de Asís huko Ranchos de Taos, New Mexico, Marekani, lilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo na kwa vizazi vingi waumini wakalikandika kwa tope na nyasi. Mwaka 1967 lilipigwa plasta ya simiti ili kuwapunguzia watu kazi. Ilipofika 1979 simiti hiyo iliondolewa, kwa kuwa maji yalikuwa yamejificha nyuma yake na kuzilainisha nguzo nene za kuegemeza kuta. Waumini wakarudia tope, na hadi leo hukusanyika kulikandika. Huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako nyumba za udongo za karne kadhaa ni nyingi, wataalamu wa uhifadhi hushauri simiti iondolewe na chokaa irudishwe kwa sababu hiyohiyo. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Pale ambapo matengenezo ya miongo ya karibuni yametumia simiti, chumvi na unyevu vimebaki ndani ya kuta na kuzila kutoka ndani. Jiwe la matumbawe si udongo wa Tongaren, lakini kanuni haibadiliki: ganda lisilopumua juu ya ukuta unaopumua huugeuza ukuta kuwa ghala la maji.

Pingamizi lenye uzito ni hili: ziko nyumba za udongo zenye plasta ya simiti zilizosimama miaka ishirini bila dosari, na kila kijiji kinaweza kuonyesha mojawapo. Ni kweli. Lakini nyumba hiyo ikaguliwe vizuri. Mara nyingi itakutwa imeinuliwa juu ya msingi wa mawe, imejengwa mahali ardhi inapoteremka, ina paa lenye upenu mpana na baraza upande unaopigwa na mvua. Ukuta wake ni mkavu, na juu ya ukuta mkavu karibu kila kitu hudumu, simiti ikiwemo. Sifa inayopewa plasta ni ya paa. Katika eneo hili mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea, ikipungua na kuongezeka, hadi Oktoba au Novemba, kwa hiyo ukuta unaoloweshwa hauna nafasi ya kukauka kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Chukua upande mmoja wa paa wenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 3. Mvua ya alasiri moja ya milimita 25 inateremsha hapo lita 600, sawa na mapipa matatu, na yote yanaanguka kwenye mstari mmoja mbele ya ukuta, lita 75 kwa kila mita. Matone hayo yanapopiga ardhi tupu huruka na kuuchapa ukuta hadi karibu nusu mita kwenda juu. Ndiyo maana plasta hubambuka chini na si juu, na anayeziba palipobambuka bila kuyagusa maji hayo atarudi kuziba tena.

Basi kazi ya kwanza haihitaji hata karai la udongo. Upenu upimwe: ukiwa chini ya sentimita 60, kuurefusha kwa vipande vya mbao vinavyounganishwa na kenchi na mabati mafupi ni matumizi bora ya pesa kuliko mfuko wowote wa simiti, ingawa mabati mapya yafungwe vizuri kwa sababu upepo wa mvua hupenda kuingia chini ya upenu mpana. Gata ikipatikana, maji yapelekwe kwenye tangi au mbali na msingi. Gata inayovujia kwenye pembe ya nyumba ni mbaya kuliko kukosa gata, maana inakusanya maji ya paa zima na kuyamwaga mahali pamoja. Kisha ardhi. Kila mwaka ufagio, matope na takataka huinua uwanja kidogo kidogo hadi ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na mwenye nyumba hatambui. Ichimbwe na kusawazishwa ili iteremke kuelekea nje kwa mita moja au zaidi, na pale matone yanapoangukia pawekwe kokoto au mawe madogo, ambayo huvunja nguvu ya tone badala ya kulirusha. Ndizi au sukumawiki zilizopandwa kando ya ukuta ili zimwagiliwe maji ya kuoshea vyombo zihamishwe. Nguzo zichunguzwe kwa kudunga bisibisi usawa wa ardhi; ikizama bila nguvu, hiyo nguzo imeoza na kubadilisha plasta hakutaisaidia. Wengi huzipaka nguzo mafuta machafu ya injini kuzuia mchwa, nayo hufukuza kwa muda, lakini yana kemikali zinazodhuru ngozi na zinazoingia katika udongo na maji ya kisima. Kuinua mguu wa nguzo juu ya jiwe au zege ni kinga ya kudumu zaidi.

Ukuta ukishakuwa na kofia na viatu, ndipo mavazi yafikiriwe. Tope zuri la kukandika halipatikani kwa kubahatisha, wala kwa kuiga kipimo cha jirani ambaye shimo lake la udongo ni tofauti. Udongo mwekundu wa nyanda hizi kwa kawaida una mfinyanzi wa aina ya kaolinaiti, usiovimba sana, na hiyo ni bahati. Ule mweusi wa mabondeni unaopasuka kiangazi haufai. Ule mwekundu uchimbwe chini ya tabaka la juu lenye mizizi, uchekechwe, kisha upimwe kwa chupa inayoonyesha ndani: theluthi moja udongo, maji hadi karibu juu, chembe za chumvi, itikiswe kwa nguvu na kuachwa imetulia. Chembe kubwa huzama haraka kuliko ndogo, kwa hiyo mchanga hulala ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini hufuata katika saa chache, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Matabaka hayo yanaonyesha kilichomo, lakini hakimu wa mwisho ni ukuta wenyewe. Zipakwe sampuli za sentimita 30 kwa 30 mahali pasipoonekana: moja ya udongo na mchanga sawa kwa sawa, nyingine mchanga mara mbili, nyingine mara tatu. Zikikauka, inayopasuka ina mfinyanzi mwingi mno, inayotoa vumbi ikipanguswa kwa kiganja ina mchanga mwingi mno, na iliyo katikati ndiyo ya kuchukua. Jaribio hili linachukua siku tatu au nne na linaokoa kazi ya wiki nzima, lakini ndilo linalorukwa kuliko yote.

Kinyesi cha ng'ombe kwenye mchanganyiko huo si ushamba wa kuonea haya. Nyuzinyuzi za nyasi zilizomo huzuia nyufa ndogo zisiungane kuwa kubwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu matofali mabichi ya Burkina Faso ulionyesha kwamba kinyesi huchangia kutengenezwa kwa misombo isiyoyeyuka kwa maji inayozigandisha chembe za udongo pamoja, hivyo tofali kustahimili maji zaidi. Mabibi zetu walikuwa sahihi kabla ya darubini. Kitumike kikiwa kibichi, kikorogwe na udongo uliolowa na kuvundikwa siku kadhaa, pamoja na nyasi kavu zilizokatwakatwa urefu wa vidole viwili. Ukuta ukwanguliwe hadi sehemu ngumu, unyunyiziwe maji kidogo tu, na tope lipakwe kwa matabaka mawili membamba, la pili likingoja la kwanza likauke. Wakati bora ni kati ya Desemba na Februari, mahindi yakiwa yamevunwa na mvua imekatika, lakini si chini ya jua kali la mchana, kwani uso unaokauka upesi kuliko ndani hupasuka.

Anayetaka uso mweupe na mgumu zaidi ana chokaa. Chokaa ya ujenzi hutokana na mawe ya chokaa kuchomwa kwa joto la kadiri ya nyuzi 900 za Selsiasi na kuzimwa kwa maji. Ikipakwa huivuta kaboni dioksidi ya hewani na kurudi taratibu kuwa jiwe. Inabaki na vitundu vya kupitisha mvuke, na inaweza kusogea kidogo pamoja na ukuta bila kupasuka. Ikizimuliwa hadi iwe nyepesi na kupakwa mara nne au tano juu ya tope lililokauka lakini lililonyunyiziwa, inatosha kuuokoa ukuta na mvua ya ubavuni. Hapa Tongaren iko hatari moja ya pekee. Wakulima wengi wananunua chokaa ya shamba kupunguza tindikali iliyoongezwa na miaka mingi ya mbolea ya DAP, na mifuko hiyo iko ghalani. Hiyo kwa kawaida ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Haina cha kuvuta kaboni dioksidi, na ikipakwa ukutani itafutika kwa mvua ya kwanza. Wekeni ile ya shamba shambani. Chokaa ya ujenzi kwa upande wake ni kali kiasi cha kuunguza ngozi na kupofusha jicho, kwa hiyo glavu na miwani si mapambo, na watoto wasiwe karibu inapokorogwa.

Liko pingamizi lingine ambalo nalikubali kwa sehemu kubwa: simiti ni afya. Funza huzaana katika vumbi la sakafu za udongo, na minyoo hukaa humo. Huko Mexico, mpango wa serikali uliobadilisha sakafu za udongo kuwa za simiti ulifanyiwa tathmini iliyochapishwa mwaka 2009. Ilikadiria kwamba nyumba ikibadilishwa sakafu yote, maambukizi ya vimelea kwa watoto wadogo hupungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Ni ushahidi mzito, na unahusu sakafu. Mtoto hatambai ukutani. Mwenye mifuko mitano ya simiti anayejiuliza aimalizie wapi, aipeleke chini, juu ya tabaka la mawe na maramu iliyoshindiliwa na karatasi nzito ya nailoni. Hapo tahadhari moja: sakafu ya simiti nayo huzuia ardhi iliyo chini yake isiyeyushe maji, na maji hayo husogea pembeni yakitafuta ukuta, kwa hiyo sakafu mpya ndani ya nyumba ambayo uwanja wake haujachimbwa inaweza kuleta unyevu ukutani mahali ambapo haukuwepo. Ndani ya ukuta unaobaki na unyevu kuna kuvu, na kuvu ni mzigo kwa mwenye pumu. Faida ya sakafu isiliwe na hasara ya ukuta. Matofali ya kufungana, yale ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine, ni habari nyingine kabisa: pale ukuta mzima ni kitu kimoja chenye nguvu moja.

Pingamizi la mwisho ni la jasho. Kukandika kila mwaka ni kazi ya wanawake katika nyumba nyingi, na hakuna hesabu inayoiweka kwenye bei ya simiti. Anayesema tope ni bure anasahau maji yaliyobebwa kichwani. Lakini ukiangalia kinachokandikwa kila mwaka, ni nusu mita ya chini, ileile inayochapwa na matone. Juu yake tope lililokingwa na upenu hudumu miaka. Upenu na kokoto hupunguza kazi hiyo zaidi ya plasta inavyoweza, na kurefusha paa hakujawahi kuitwa kazi ya wanawake.

Kwa aliyekwisha piga simiti, si lazima aibomoe yote. Agonge ukuta mzima kwa mpini wa nyundo: panapolia kwa sauti nzito paachwe, panapolia utupu paondolewe, kwa maana hapo plasta imejishikilia yenyewe tu. Chini kabisa akate kwa mstari ulionyooka mkanda wa sentimita 40 kuzunguka nyumba, hata kama sehemu nyingine ni nzima, ili ukuta upate mlango wa kutolea maji. Ukuta ukiwa umeegemea upande au nguzo zikiwa zimeoza, fundi aitwe na paa litegemezwe kabla ya kugusa chochote. Mkanda uachwe wazi kiangazi chote, ukauke hadi ndani, kisha ukandikwe kwa tope la kinyesi na kupakwa chokaa, bila simiti na bila rangi ya mafuta. Mvua itaukwangua kidogo, na Desemba ikifika, ndoo chache za tope na asubuhi moja vitatosha kuurudishia.